Mtu akifariki, nani huamua kuhusu viungo vyake?

SHERIA ya Kenya inamruhusu mtu mwenye uwezo wa kuandika wosia kutoa figo, ini, moyo au macho yake ili yatumike baada ya kifo chake, wala haimlazimishi kwenda kwa wakili. Anaweza kuliandika jambo hilo katika wosia. Anaweza kutia saini hati mbele ya mashahidi wawili. Anaweza pia kulitamka kwa kinywa chake tu, mradi mashahidi wawili wamsikie.

Hayo yamo katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Kabla yake kulikuwa na Sheria ya Tishu za Binadamu, iliyotungwa miaka ya 1960.

Hata hivyo, mgonjwa wa Nairobi, Mombasa au Kisumu anayeambiwa leo kuwa figo zake zimekufa na anahitaji nyingine, hangojei figo ya marehemu. Huwatazama jamaa zake. Figo zinazopandikizwa Afrika Mashariki karibu zote hutolewa na watu walio hai: ndugu, mzazi, mke, mume au mtoto aliyekubali kubaki na figo moja.

Hali ni hiyo hiyo kwa majirani. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017. Hospitali ya King Faisal ya Kigali ilifuata Mei 2023, na Mulago ya Kampala Desemba mwaka huo huo, miezi michache baada ya Uganda kupata sheria yake ya utoaji na upandikizaji wa viungo. Ni hatua kubwa, lakini zimeanza na watoaji walio hai.

Kutegemea walio hai kuna mipaka yake. Mtu hawezi kutoa moyo wake akaendelea kuishi. Hawezi kutoa konea, yaani ule utando angavu ulio mbele ya jicho, bila kupofuka. Na pale jamaa wanapokosekana au damu zao zisipolingana na ya mgonjwa, fedha huanza kusema. Mwezi Aprili 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilisimamisha shughuli za upandikizaji figo katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Eldoret, kufuatia ripoti za vyombo vya habari vya Ujerumani zilizodai kuwa vijana maskini walilipwa ili watoe figo zao kwa wagonjwa matajiri. Sheria ya 2017 inakataza biashara hiyo na inatoa adhabu kali. Lakini uhaba ndio unaoizaa, na uhaba hauondolewi na adhabu.

Njia nyingine iliyopo ni viungo vya waliofariki. Si njia ngeni barani Afrika, kwani ilipata umaarufu wake duniani kutokana na ajali ya barabarani mjini Cape Town.

Jumamosi ya tarehe 2 Desemba 1967, familia ya Darvall ilikuwa njiani kwenda kunywa chai kwa marafiki. Waliegesha gari katika mtaa wa Observatory ili wanunue keki. Binti, Denise, mwenye umri wa miaka 25, na mama yake walipokuwa wakivuka barabara kurudi garini, waligongwa na gari jingine. Mama alifariki papo hapo. Denise alifikishwa katika Hospitali ya Groote Schuur akiwa amevunjika fuvu, huku moyo wake ungali unapiga.

Katika hospitali hiyo hiyo alikuwamo Louis Washkansky, mwenye duka la vyakula, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka kiasi cha kutofaa tena kwa dawa. Daktari Christiaan Barnard alikuwa akimtafutia moyo mwingine.

Madaktari wawili walimwendea baba, Edward Darvall, ambaye saa chache tu kabla alikuwa amempoteza mke wake. Walimweleza kuwa binti yake hana tena tumaini, na kwamba kuna mtu anayeweza kusaidiwa na moyo wake. Inasimuliwa kuwa mzee huyo alifikiri kwa dakika nne. Alikumbuka keki ambayo binti yake alimwokea katika siku yake ya kuzaliwa, na joho la kuogea ambalo alimnunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Kisha akakubali.

Upasuaji ulifanyika usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba. Washkansky aliishi siku 18 na moyo wa Denise, akafa kwa homa ya mapafu, kwa kuwa dawa zilizozuia mwili wake kuukataa moyo mgeni zilidhoofisha pia kinga yake. Jambo lisilokumbukwa sana ni kwamba figo moja ya Denise ilipewa mvulana wa miaka 10 ambaye, chini ya sheria za ubaguzi wa rangi za wakati huo, alihesabiwa kuwa chotara. Makaburu waliozuia watu wa rangi mbili kukaa katika benchi moja hawakuwa na la kufanya mara figo ya binti mzungu ilipokwisha kuanza kazi ndani ya mtoto huyo.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 2 Januari 1968, Barnard aliuchukua moyo wa Clive Haupt, kijana chotara, akaupandikiza kwa Philip Blaiberg, daktari wa meno mzungu. Blaiberg aliishi miezi 19.

Lakini kisa cha Denise kiliacha swali zito. Je, alikuwa amekufa lini? Mwaka 1967 sheria za Afrika Kusini hazikueleza kifo ni nini, ziliwaachia madaktari. Barnard alisema kuwa walizima mashine ya kupumulia na kungoja moyo usimame. Miaka mingi baadaye nduguye, Marius, aliyekuwa katika timu ile, alieleza kuwa moyo haukusimama wenyewe, bali ulisimamishwa kwa potasiamu. Wasiwasi huo haukuwa wa Cape Town peke yake. Agosti 1968 jopo la Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani lilichapisha pendekezo kwamba mtu ambaye ubongo wake umekoma kabisa ahesabiwe kuwa amekufa, hata kama moyo wake unapiga kwa msaada wa mashine. Leo Sheria ya Taifa ya Afya ya Afrika Kusini ya mwaka 2003 haina mzunguko katika jambo hili: inasema kuwa kifo maana yake ni kifo cha ubongo.

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na ni haki yao kukwama.

Kwa miaka elfu nyingi binadamu amejua kifo kwa pumzi na mapigo ya moyo. Mwili ukipoa, watu hulia. Sasa familia inaitwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, inamkuta mpendwa wao akiwa na joto, kifua kinapanda na kushuka, kioo cha mashine kinaonyesha mapigo ya moyo, kisha daktari anasema, "Amefariki." Si ajabu wakamtazama daktari huyo kwa shaka.

Maelezo ya kitabibu ni haya. Moyo una umeme wake wenyewe, na unaweza kuendelea kupiga kwa muda bila ubongo, madhali unapata oksijeni. Kupumua hakuko hivyo. Amri ya kupumua hutoka katika shina la ubongo, sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo. Mtu akipata pigo kubwa la kichwa, au mshipa ukapasuka ndani ya ubongo, ubongo huvimba. Fuvu ni mfupa mgumu usiotanuka. Uvimbe ukizidi, damu hushindwa kupanda kuingia ubongoni, na ubongo hufa wote pamoja na shina lake. Wakati wa mababu, mtu wa namna hiyo alikata pumzi na moyo ukasimama ndani ya dakika chache. Mashine ya kupumulia ndiyo iliyotenganisha matukio hayo mawili.

Kifo cha ubongo si sawa na kuzimia kwa muda mrefu. Mgonjwa aliyezimia, hata kwa miezi, bado ana shina la ubongo linalofanya kazi. Aghalabu hupumua mwenyewe, na wapo wanaoamka. Ubongo uliokufa hauamki.

Kabla ya kutamka kifo cha namna hii, madaktari hulazimika kwanza kujua chanzo cha hali ya mgonjwa. Hulazimika pia kuhakikisha kuwa hakulewa dawa za usingizi, hakupatwa na baridi kali ya mwili, na chumvi na sukari ya damu yake hazikuvurugika, kwa sababu mambo hayo yote yanaweza kumfanya aliye hai aonekane mfu. Kisha hufuata vipimo vya kitandani. Mboni humulikwa kwa tochi, zisinywee. Jicho huguswa kwa pamba, lisipepese. Maji ya baridi kali humiminwa sikioni, macho yasisogee. Koo huguswa kwa mpira, mgonjwa asikohoe.

Kipimo cha mwisho ndicho kizito kuliko vyote. Mgonjwa hutenganishwa na mashine kwa dakika kadhaa huku akipewa oksijeni kupitia mpira mwembamba. Hewa chafu ya kaboni hurundikana katika damu, na hiyo ndiyo sauti kubwa kuliko zote ya kuuamuru mwili uvute pumzi. Madaktari husimama wakitazama kifua. Kisipoinuka hata kidogo, na damu ikaonyesha kuwa kaboni imepanda kufikia kiwango kilichowekwa, basi hakuna aliyebaki wa kuvuta pumzi.

Katika nchi nyingi vipimo hivi hufanywa na madaktari wawili, na kanuni isiyo na mjadala ni kwamba wasiwe katika timu itakayopandikiza viungo. Anayetangaza kifo asiwe na haja na kile kitakachotokana nacho.

Familia inapaswa kuonywa kuhusu jambo moja ambalo madaktari wakati mwingine hulisahau. Baada ya ubongo kufa, mkono unaweza kutikisika au kidole kikajikunja. Mwendo huo hutoka katika uti wa mgongo, si ubongoni. Asiyeambiwa mapema ataapa kuwa alimwona marehemu akimpungia mkono, na hakuna atakayemshawishi vinginevyo.

Baada ya kifo kutamkwa ndipo ombi la viungo huletwa, wala si kabla. Wataalamu husisitiza mpangilio huo, kwa kuwa familia inayoombwa figo ilhali bado inaomba dua ya uponyaji huona imetendewa unyama. Familia ikikubali, damu hupimwa kundi lake na maradhi kama virusi vya ukimwi na homa ya ini, na chembe za kinga hulinganishwa na za wanaosubiri. Mashine huendelea kuupa mwili hewa, si kwa ajili ya marehemu tena, bali ili viungo visioze.

Upasuaji hufanywa katika chumba cha kawaida cha upasuaji. Viungo huoshwa kwa maji maalumu ya baridi, huwekwa katika barafu na kusafirishwa. Kuanzia hapo saa inakimbia. Moyo na mapafu hustahimili takriban saa nne hadi sita. Ini hufika saa nane hadi 12. Figo ndiyo yenye subira kubwa. Inaweza kungoja siku nzima, na wakati mwingine zaidi. Kwa hesabu ya madaktari, mtoaji mmoja anaweza kuwafaa watu wanane: moyo, mapafu mawili, ini, figo mbili, kongosho na utumbo.

Mwili hushonwa kama baada ya upasuaji wowote na kurudishwa kwa wenyewe. Ukivikwa nguo au sanda hauonyeshi tofauti. Familia haidaiwi gharama ya upasuaji wa kutoa viungo, wala hailipwi chochote, na katika nchi nyingi haiambiwi jina la aliyepokea.

Ipo pia njia ya pili, ambapo kifo hutokana na moyo kusimama. Mgonjwa asiye na tumaini huondolewa mashine kwa makubaliano na jamaa zake, moyo husimama, madaktari hungoja dakika chache kuhakikisha haurudi, kisha viungo hutolewa haraka. Ni ngumu zaidi, kwa sababu kila dakika bila damu huharibu viungo.

Msomaji atakuwa ameona kikwazo. Njia zote mbili zinahitaji kitanda cha mahututi, mashine ya kupumulia, maabara isiyolala, na timu ya upasuaji inayoweza kuitwa usiku wa manane. Vitanda vya mahututi Afrika Mashariki ni vichache, na familia nyingi huvilipia kwa michango. Hospitali isiyoweza kumpa kitanda majeruhi aliye hai itapata wapi kitanda cha kumhifadhi aliyekwisha kufa? Nani atalipia saa hizo za ziada? Sheria ikikaa kimya juu ya bili, jamaa hawatakubali kuongezewa deni juu ya msiba.

Kwa tishu, hesabu ni tofauti kabisa, na ajabu ni kwamba hazizungumzwi sana.

Konea, ngozi, mifupa, kano na vali za moyo havihitaji mashine ya kupumulia. Vinaweza kutolewa baada ya moyo kusimama, hata marehemu akiwa tayari katika chumba cha maiti. Konea haina mishipa ya damu. Hulishwa na machozi na maji ya ndani ya jicho. Kwa sababu hiyo hudumu saa nyingi baada ya kifo, na mara nyingi haihitaji kulinganishwa na kundi la damu la mpokeaji. Uzee si kizuizi kikubwa, na aliyevaa miwani maisha yake yote anaweza kutoa. Kazi ya kuzitoa huchukua muda mfupi, na kope hufungwa zikaonekana kama za aliyelala. Konea zikishawekwa katika maji ya kuhifadhia zinaweza kukaa hadi wiki mbili katika ubaridi, muda wa kutosha kumwita mgonjwa kutoka kijijini.

Nairobi ina benki ya macho, katika hospitali ya Lions SightFirst mtaani Loresho. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi madaktari wa macho wa hapa wamekuwa wakiagiza konea kutoka ng'ambo, jambo linalofanya upasuaji huo kuwa ghali kwa vijana ambao konea zao zimechongoka au kupata makovu. Macho ya Wamarekani husafirishwa kwa ndege hadi hapa, huku kila siku wakizikwa watu ambao macho yao yangefaa bila nauli.

Wanaodhani kuwa utoaji ni anasa ya nchi tajiri wangeitazama Sri Lanka. Mwaka 1961 daktari Hudson Silva alianzisha huko chama cha kutoa macho. Wananchi wa kisiwa hicho, wengi wao Wabuddha wanaoamini kuwa kutoa ni thawabu, waliitikia kwa wingi hivi kwamba konea zilizidi mahitaji yao. Nchi hiyo isiyo tajiri imekuwa ikizituma kwa mataifa mengine, Pakistan ikiwa miongoni mwa wapokeaji wakubwa.

Kinachosumbua hapa ni saa. Konea inatakiwa itolewe mapema, aghalabu ndani ya saa 12 hadi 24 baada ya kifo kutegemea jinsi mwili ulivyohifadhiwa. Pwani, Mwislamu aliyefariki alfajiri aweza kuzikwa baada ya adhuhuri. Bara, mwili hulala chumba cha maiti wiki nzima au zaidi huku kamati ya mazishi ikikusanya fedha, lakini saa zile za mwanzo hupita katika kupigiana simu na hakuna anayefikiria macho. Kwa hiyo wenye haraka na wasio na haraka wote huipoteza nafasi hiyo, kila mmoja kwa namna yake.

Dini hutajwa mara nyingi kuwa pingamizi, ingawa kauli za viongozi hazisemi hivyo. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jeddah lilijadili mashine za kuhuisha katika kikao cha Amman mwaka 1986, likakubali kifo cha ubongo. Mwaka 1988 likaruhusu kiungo cha maiti kupewa aliye hai ikiwa uhai wake au kazi ya msingi ya mwili wake inategemea hicho, kwa sharti kwamba marehemu aliridhia au warithi wake wameridhia, na kwamba kisiuzwe. Wapo wanazuoni, hasa wa Bara Hindi, walioshikilia kuwa mwili ni amana ya Mungu na haumegwi. Kwa upande wa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo II aliwaambia wataalamu wa upandikizaji mjini Roma, Agosti 2000, kuwa utoaji ni tendo la upendo, na akakubali kigezo cha ubongo kikitumiwa kwa uangalifu.

Mila ni suala jingine. Katika jamii nyingi za Kenya mwili wa marehemu huhesabiwa kuwa mali ya ukoo, na ukoo hutaka mtu wake arudi mzima. Hakuna kisa kinachoonyesha hilo kuliko kesi ya wakili wa Nairobi, S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Matasia, Ngong, akisema hayo ndiyo yalikuwa matakwa ya mumewe. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa chumba cha maiti miezi mitano huku mawakili wakibishana, hadi Mahakama ya Rufaa ilipoupa ukoo ushindi Mei 1987.

Kesi ile ilihusu kaburi, si figo. Lakini kila daktari wa Kenya anayefikiria kutoa viungo vya marehemu anaijua, au anaijua familia iliyopitia mfano wake mdogo. Sheria ya 2017 inasema kuwa ikiwa marehemu hakuacha neno, mwenzi wake wa ndoa ndiye wa kwanza kuweza kukubali, kisha wengine wa familia kwa utaratibu uliowekwa. Kwenye karatasi, mjane yuko mbele ya ukoo. Mlangoni pa chumba cha mahututi, wajomba na baba wadogo wakiwa wamekwishafika kwa basi la usiku, mambo huwa mengine. Ni daktari gani atakayeshika kisu huku nusu ya familia ikipiga kelele?

Wengi hufikiri dawa yake ni sheria kali zaidi, ile inayomhesabu kila mtu kuwa mtoaji mpaka akatae. Wales iliianza Desemba 2015, na England Mei 2020. Huko kote familia bado huulizwa. Uhispania, inayoongoza duniani, ina sheria ya namna hiyo tangu 1979, lakini kwa miaka kumi ya kwanza haikuleta mabadiliko makubwa. Kilichobadilisha mambo ni shirika la taifa la upandikizaji lililoundwa mwaka 1989 chini ya daktari Rafael Matesanz, lililoweka katika hospitali madaktari maalumu wa kuratibu utoaji, wengi wao wa chumba cha mahututi, waliofunzwa kuzungumza na wafiwa. Mwaka 2024 nchi hiyo ilipata watoaji waliofariki zaidi ya 50 kwa kila watu milioni moja. Sheria yao inadhani kila mtu amekubali. Madaktari wao hawadhani, huuliza.

Afrika Kusini nayo, pamoja na uzoefu wake wa zaidi ya nusu karne, bado inasumbuliwa na familia zinazokataa. Lakini imeendelea kuvumbua. Mwaka 2008 daktari Elmi Muller wa Groote Schuur alianza kupandikiza figo za marehemu waliokuwa na virusi vya ukimwi kwa wagonjwa wenye virusi hivyo hivyo, ambao hapo awali waliachwa wafe kwa kunyimwa mashine ya kusafisha damu. Figo zilizokuwa zikizikwa zikawa tiba, na nchi nyingine zikaiga.

Kwa Mkenya anayetaka macho au figo zake zitumike, hatua ya kwanza ni rahisi. Wosia haufai sana kuwa mahali pekee pa kuliandika jambo hili, kwa sababu aghalabu husomwa baada ya mazishi, wakati hakuna kilichobaki cha kutoa. Hati iliyofungiwa sandukuni ina kasoro hiyo hiyo. Tamko la mdomo mbele ya mashahidi wawili linatambuliwa kisheria, na sheria haisemi mashahidi hao wasiwe watu wa nyumbani. Mmoja akiwa mke au mume, na mwingine akiwa yule mjomba au kaka ambaye ukoo humsikiliza, basi watu wale wale watakaopigiwa simu na hospitali ndio watakaokuwa wamelisikia neno hilo kwa masikio yao.